Bunduki ya Upepo Isiyo na Maandishi: Mwongozo Kamili wa Kujua Kama ni Mfano wa Majaribio au Imepigwa Msasa Tu

Picha ninazotumiwa zinafanana kama mapacha. Bunduki ya upepo imelazwa kitandani, chuma kinang'aa, kitako kimepakwa vanishi juzi, na chini yake swali: "Haina nembo wala namba popote. Si ndiyo prototaipu hii, yaani mfano wa majaribio?" Mara nyingi jibu ni hapana, na mwenye mali hununa.

Kosa ni lilelile kila mara. Watu wanaanza na kisichokuwepo. Bunduki isiyo na jina inaweza kweli kuwa imetoka mezani kwa mbunifu, lakini pia inaweza kuwa imefutwa kwa msasa, imeungwa kutokana na bunduki tatu mbovu, au ilitengenezwa kwa muuzaji wa jumla ambaye hakutaka jina la kiwanda lionekane. Mfano wa majaribio unathibitishwa na kilichopo kwenye chuma: alama za tupa, matundu yaliyotobolewa yakazibwa, kipande kilichochongwa kwa mkono mahali ambapo baadaye kiwanda kilitumia mashine.

Mwongozo huu ni wa bunduki za Uingereza, Ujerumani na Marekani za tangu miaka ya 1870 hadi 1970 hivi. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya pili, ya sita haitakusaidia kitu.

Vifaa vya kuandaa

- Tochi ndogo yenye mwanga mkali
- Kioo cha kukuzia, mara 10 inatosha
- Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) inayosoma sehemu ya kumi ya milimita
- Rula ya chuma isiyopinda, sentimita 15
- Sumaku ndogo
- Karatasi nyembamba na penseli laini
- Kijiti cha mbao chenye ncha butu, kirefu kuliko mtutu
- Kitambaa cha pamba na mafuta mepesi ya mashine
- Simu yenye kamera, na daftari

Bisibisi haimo, na sikuisahau. Ndani ya silinda, ule mrija mnene ulio nyuma ya mtutu, mna springi nene ambayo hata ikiwa imetulia bado imebanwa kiasi. Ukifungua mkia wa silinda bila kifaa cha kuizuia, vipande vitaruka usoni. Kazi yote iliyo hapa inafanyika bila kuitenganisha bunduki.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi wala nguvu ndani

Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Usiguse kifyatulio.

Ingiza kijiti taratibu kutoka mdomo wa mtutu hadi kigote, weka alama kwa kidole, kitoe, kisha kilaze nje ya mtutu. Kikiwa kimeishia kabla ya mwisho wa mtutu, huenda kuna risasi imekwama. Kwenye bunduki zenye kizibo cha kupakia kinachozunguka (kipande chenye tundu la kutilia risasi), kijiti hugota kwenye kizibo. Hilo ni kawaida, usisukume.

Kama wenzo (mkono wa kukazia springi) au mtutu umelegea na haurudi mahali pake, au kifyatulio ni kigumu isivyo kawaida, chukulia kwamba springi imekazwa. Mpelekee fundi wa bunduki. Usijaribu kuifyatua tupu ili kuimaliza nguvu: pasipo risasi ya kuzuia hewa, pistoni hugonga ukuta wa silinda na kuvunja springi au ngozi ya pistoni. Kwenye bunduki ambazo silinda yenyewe huteleza nyuma ili upakie, usitie kidole kwenye uwazi ule hata kwa sekunde moja.

Bunduki za pampu ni hatari zaidi kwa sababu zinaonekana zimelala. Hewa iliyopigwa na mtu mwingine inaweza kuwa bado imo.

Na sheria. Askari anahesabu bunduki, hahesabu miaka yake. Uliza kituo cha polisi kabla ya kuinunua au kuisafirisha, popote ulipo. Uingereza kwa ujumla kikomo cha nguvu bila kibali ni futi-paundi 12, takriban joule 16, lakini Scotland inadai leseni tangu mwisho wa 2016. Ujerumani kikomo cha wasio na kibali ni joule 7.5.

Umefaulu ikiwa: kijiti kimefika mwisho au kwenye kizibo, wenzo umetulia mahali pake, na una hakika kisheria.

Hatua ya 2: Usisafishe

Najua mikono inawasha. Zuia.

Uchafu ni ushahidi. Mafuta yaliyoganda kwenye mfereji wa skrubu yanakuambia skrubu hiyo haijaguswa kwa miaka mingi. Vumbi ndani ya herufi linaonyesha herufi hizo si za jana. Mtu akipiga brashi ya waya na siki, vyote hivyo vinaondoka ndani ya dakika kumi na hakuna atakayevirudisha.

Piga picha kwanza: pande zote nne, kila skrubu, kila tundu, kila mahali mbao inapokutana na chuma. Weka rula pembeni. Kisha futa vumbi la juu tu kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 3: Tambua mtambo unatokana na ukoo gani

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo jibu hupatikana mara nyingi kuliko kwenye nembo. Jiulize: nguvu inatoka wapi, na risasi inaingilia wapi?

*Wenzo chini ya mtutu, mtutu haukunjiki, kizibo cha kuzungusha kwa juu.* Ukoo huu ni wa Birmingham. George Lincoln Jeffries, fundi bunduki wa mji huo, aliupatia hataza (haki ya mvumbuzi, yaani patent) mwaka 1904, na kampuni ya BSA (Birmingham Small Arms) ikaanza kuutengeneza 1905. Alitaka mtutu uliokazwa imara, usiolegea kwenye bawaba. Mtutu ukikazwa, risasi haina pa kuingilia, ndiyo maana kizibo kikawekwa. Za mwanzo ziliandikwa jina la Lincoln, si BSA. Kwa hiyo yenye jina la Lincoln si mfano wa majaribio. Ni ya mwanzo, na ni nzuri, lakini iliuzwa dukani. Ujerumani nao waliuiga mtambo huu.

*Ndogo, nyepesi, hakuna mbao yoyote mbele ya kifyatulio.* Hii huenda ni ya aina inayoitwa Gem, na ndiyo inayowadanganya watu kuliko zote. Mizizi yake ni jimbo la New York, kwa Haviland & Gunn wa Ilion na H. M. Quackenbush wa Herkimer, katika miaka ya 1870. (Quackenbush huyohuyo alitengeneza vifaa vya kuvunjia karanga, na hivyo navyo vina wakusanyaji wake.) Wajerumani na Wabelgiji waliinakili kwa wingi sana, na nakala nyingi hazikuwekwa jina lolote. Ukiwa na Gem isiyo na jina, una bunduki ya kawaida kabisa.

*Bati lililokunjwa, lenye mshono, inayorusha gololi.* Ukoo wa Plymouth, Michigan. Kampuni ya vinu vya upepo vya chuma ilianza kutoa bunduki kama zawadi kwa wakulima, bunduki zikavishinda vinu, na mwaka 1895 ikabadili jina kuwa Daisy. Jirani yao Markham alitengeneza ambayo karibu yote ni mbao. Usidhani mbao nyingi ni dalili ya majaribio.

*Mtutu unaokunjwa.* Hapa vipo viwanda vyote: Diana wa Rastatt, Weihrauch, Webley, na wengine wengi. Mtambo peke yake hautakupa jibu, nenda hatua ya 5.

*Haipigi bega, au mtambo mzima unateleza juu ya kitako.* Ni bunduki ya shabaha ya mashindano ya Ujerumani baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Diana walitumia ubunifu wa Giss: pistoni mbili zinazokimbia pande tofauti ili mshtuko mmoja uue mwingine. Feinwerkbau wa Oberndorf, kwenye Modeli 150 ya 1961, waliacha mtambo uteleze nyuma juu ya reli. Mtu asiyejua akiona mtambo unatikisika juu ya kitako hudhani umeharibika, au umebuniwa na kichaa.

*Inafanana na bunduki ya jeshi.* BSA walitoa ya mazoezi yenye umbo la Lee-Enfield kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Haenel wa Suhl walitoa Modeli 33, kazi ya Hugo Schmeisser, inayokazwa kwa komeo kama Mauser. Anschütz waliwatengenezea Wamisri ya umbo la Hakim katikati ya miaka ya 1950. Zote tatu ni za kiwandani. Adimu, ndiyo, ile ya BSA hasa.

*Kuna mrija wa ajabu ubavuni mwa silinda.* Tulia. Inaweza kuwa Barakuda EL 54, ambayo ni HW35 ya Weihrauch iliyoongezwa kifaa cha kudondoshea etha (kimiminika kinachowaka upesi) ndani ya silinda ili mgandamizo wa pistoni uilipue. Ni chache na bei yake inatisha. Usijaribu kuitia etha wala kimiminika chochote. Isitoshe, moto ukihusika sheria inaweza kuihesabu kama silaha nyingine kabisa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja mtambo ni wa ukoo gani na sehemu gani haufanani na ukoo huo. Hiyo sehemu ya pili ndiyo unayoitafuta. Kama hakuna kisichofanana, uwezekano wa mfano wa majaribio umeshapungua sana.

Hatua ya 4: Pima

Pima urefu wote, urefu wa mtutu, kipenyo cha nje cha silinda na kaliba, yaani kipenyo cha ndani ya mtutu. Andika kwa milimita.

Kaliba za kawaida ni 4.5, 5.5 na 6.35. BSA waliziita namba 1, 2 na 3, kwa hiyo ukikuta namba "2" kwenye BSA usidhani ni bunduki ya pili kutoka kiwandani. Nimeshaulizwa hilo zaidi ya mara moja.

Hatua ya 5: Soma kila kilichoandikwa, hata nusu herufi

Tafuta juu ya silinda, ubavuni penye bawaba, chini ya mtutu, kwenye kikingio cha kifyatulio, na upande wa ndani wa wenzo. Mulika tochi ikiwa imelala karibu na chuma, si kutoka juu. Mwanga wa ubavuni hutia kivuli kwenye mikwaruzo ambayo macho hayaioni. Kisha weka karatasi na uipake penseli taratibu, kama watoto wanavyonakili sarafu.

Yanayosaidia kujua umri:

Namba ya hataza ya Uingereza kabla ya 1916 ilianza upya kila mwaka, kwa hiyo huandikwa na mwaka wake, kama 1234/07. Kuanzia 1916 mfululizo mpya ulianzia 100,001. Namba ya tarakimu sita bila mwaka kwenye bunduki inayodaiwa ni ya 1906 inapingana na madai hayo papo hapo.

Ujerumani: D.R.P. ni hataza ya enzi ya Reich, yaani dola ya Ujerumani ya hadi 1945. D.R.G.M. ni usajili mdogo zaidi, wa tangu 1891, na ulipatikana kwa urahisi. D.B.P. ni ya Jamhuri ya Shirikisho, baada ya vita. "Western Germany" au "West Germany" haiwezi kuwa kabla ya 1949. Herufi F ndani ya pembe tano ni alama ya 1970 na kuendelea.

Diana nyingi za Rastatt za baada ya vita zina tarakimu ndogo nyuma ya silinda upande wa kushoto. "06 63" ni Juni 1963. Wengi huziona wakadhani ni namba ya majaribio.

"Patent applied for" au "Pat. pending" haimaanishi kuwa bunduki ni ya majaribio. Inamaanisha hataza ilikuwa bado haijatoka, na viwanda viliuza mzigo mwingi wakati vikisubiri.

Majina nayo hupotosha. Baada ya vita mashine za kiwanda cha Diana zilichukuliwa na Milbro wa Scotland pamoja na jina, hivyo Wajerumani wenyewe wakauza Uingereza kwa jina la Original. Bunduki hizohizo ziliuzwa pia kama Gecado, Hy-Score na, Marekani, Winchester. Jina lisilotarajiwa juu ya mtambo unaoujua ni jina la muuzaji.

Jambo moja la kukutuliza: bunduki za upepo za Uingereza hazikulazimika kupitia ukaguzi wa mitutu wa Birmingham au London. Kukosa mhuri huo hakusemi lolote.

Hatua ya 6: Chunguza kama chuma kimefutwa

Mwaka mmoja nilinunua BSA iliyouzwa kwangu kama "ya karakana, kabla ya nembo". Laini, nyeusi, nzuri ajabu. Nilikaa nayo wiki tatu nikijisifu. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikaichukua nikiwa na tochi mezani, mwanga ukawa unatambaa juu ya silinda, nikaona bonde. Bonde dogo, refu kama kidole cha shahada, mahali haswa ambapo maandishi ya kiwanda hukaa. Mwishoni mwa bonde kulikuwa na mstari mmoja mfupi wa wima uliosalimika: mguu wa herufi D. ENGLAND ilikuwa imepigwa msasa, ukabaki mstari huo tu. Muuzaji hakujibu simu tena.

Tangu hapo nafanya hivi:

Laza ukingo wa rula juu ya silinda kwa urefu wake, mulika tochi upande wa pili. Chuma kilichokerezwa vizuri hakipitishi mwanga, au hupitisha uzi mmoja ulio sawa. Mwanga ukivimba katikati, chuma kimeondolewa hapo. Rudia kwa kalipa: pima kipenyo sehemu tano. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za kumi za milimita mahali pamoja inatosha kukutia shaka.

Angalia midomo ya matundu ya skrubu. Tundu la kiwanda lina ukingo mkali. Msasa huuviringa, tundu likawa kama kisahani.

Angalia weusi wa chuma kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vishimo vya kutu ambavyo ndani navyo ni vyeusi, weusi huo umepakwa baada ya kutu. Bunduki imefanywa upya, na aliyeifanya upya angeweza kufuta chochote.

Mwisho, kagua skrubu. Skrubu ya hesi za milimita kwenye bunduki ya Kiingereza ya kabla ya vita ni mgeni. Haiharibu kila kitu, lakini inakuambia kuna mtu aliyepita hapo kabla yako.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema uso wa chuma ni wa asili au la. Ukisema "sijui", chukulia umefutwa.

Hatua ya 7: Sasa tafuta alama za karakana

Ikiwa chuma ni cha asili na kuna kitu kisichofanana na ukoo wake, ndipo tunaanza kuongea.

Kitu cha kwanza ninachotafuta ni matundu ya keekee yasiyo na kazi. Mbunifu hutoboa, hujaribu, hukosea, huziba, hutoboa tena milimita nne pembeni. Pitisha sumaku: mahali palipozibwa kwa shaba haivutwi vilevile. Lakini chunguza tundu lipo wapi. Matundu mawili au manne juu ya silinda ni ya mtu aliyefunga darubini. Matundu ya maana yako karibu na kifyatulio, bawaba au kizibo, palipo na kazi ya kubuni.

Cha pili ni namna kipande kilivyotengenezwa. Kiwanda hutumia bati la kukandamizwa au chuma cha kumiminwa kwa sababu ni rahisi kikirudiwa mara elfu. Anayetengeneza moja hana kinu cha kumiminia. Anachukua bonge la chuma, analibana kwenye jiliwa, analikereza na kulipiga tupa. Kikingio cha kifyatulio kilichochongwa kutoka bonge zima, kwenye modeli ambayo kila nyingine ina cha bati, hicho kinanifanya nivute kiti.

Tupa ya karakana ina nidhamu: mistari inakwenda upande mmoja, kona zimebaki kali. Tupa ya nyumbani inakwenda huku na huku, na kona zimekufa.

Cha tatu, namba. Tarakimu moja au mbili zilizogongwa kwa mkono, zimepinda kidogo, na namba hiyohiyo ikarudiwa kwenye wenzo na kwenye kizibo. Namba ikiwa sehemu moja tu, mtu yeyote mwenye nyundo angeweza kuigonga.

Tenganisha pia aina tatu ambazo watu huzichanganya. Mfano wa majaribio umetengenezwa kujibu swali: je, hii itafanya kazi? Sampuli ya kabla ya uzalishaji karibu inafanana na ya dukani, ina tofauti ndogondogo. Toleo la idadi ndogo, kama Barakuda, liliuzwa kwa watu. Thamani yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya mfano wa majaribio, kwa hiyo usione aibu kulitaja kwa jina lake.

Hatua ya 8: Linganisha na mchoro wa hataza

Fungua Espacenet, hazina ya bure ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Tafuta kwa namba, au kwa jina la kampuni na miaka. Huhitaji Kijerumani. Angalia michoro.

Weka mchoro pembeni ya bunduki. Unatafuta kipande kilichomo kwenye mchoro na kwenye bunduki yako, lakini hakimo kwenye zile zilizouzwa. Kikiwa hivyo, umeshika wazo lililoachwa njiani, na huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote ambao chuma kinaweza kutoa.

Onyo: hataza ni za wote. Fundi hodari anaweza kutengeneza leo kilichochorwa 1908. Ndiyo maana hatua hii inakuja baada ya ya sita, wala haisimami peke yake.

Karatasi zinahesabika pia: barua ya kiwanda, picha ya zamani ya karakana, orodha ya mnada. "Babu aliniambia alifanya kazi BSA" iandike, na tarehe aliyosema, lakini iweke kwenye ukurasa wake. Hadithi nyingi kama hizo ni za kweli. Babu alifanya kazi BSA, na bunduki aliinunua dukani.

Hatua ya 9: Funga faili

Andika ukurasa mmoja: vipimo, ukoo, kilicho tofauti, hali ya chuma, hataza inayolingana, karatasi zilizopo. Kisha chagua neno moja kati ya haya: ya kawaida, ya jina la muuzaji, ya kuungwa, iliyofutwa, toleo la idadi ndogo, sampuli, mfano wa majaribio. Ukishindwa kuchagua kati ya mawili, andika yote mawili na sababu.

Ndipo umtumie mtaalamu, pamoja na picha za hatua ya 2. Makumbusho kama Royal Armouries ya Leeds wana watu waliozishika bunduki hizi, na swali lenye vipimo hujibiwa upesi kuliko picha moja ya kitandani.

Baada ya hapo paka chuma tone la mafuta mepesi kwa kitambaa, uifungie kabatini penye ukavu, mbali na watoto. Kitako usikiguse. Hiyo vanishi iliyopakwa juzi iache ilivyo hadi jibu lirudi.